Mtandao wa kijamii unaoyumba: jinsi ya kuamua kama kampuni kubwa iununue

Mafaili ya namna hii hufanana. Kampuni changa ya mtandao wa kijamii ina mamilioni ya akaunti, pesa iliyobaki benki inatosha mishahara ya miezi michache, na mwanzilishi anadokeza kwamba kuna mnunuzi mwingine anabisha hodi. Wakubwa wa kampuni kubwa ya intaneti wanataka jibu kabla ya Ijumaa. Mimi hufanya kazi upande wa mnunuzi, nakagua takwimu na vitabu kabla mkataba haujasainiwa. Utaratibu ninaouandika hapa ndio ninaoufuata, na ninaomba uufuate kwa mpangilio huu, kwa sababu ukianza na bei utaishia kutafuta sababu za kuihalalisha.

Kwanza jua inaumwa nini

Kuna kampuni inayoelemewa kwa sababu watu wanaipenda kupita uwezo wake. Gharama za seva zinapanda, wanasheria wa watu wanatuma barua, matangazo bado hayajaanza kulipa. Na kuna inayoyumba kwa sababu watu wanaihama. Ya kwanza hela yako inaweza kuiponya. Ya pili haiponi kwa hela, maana mtu huingia kwenye mtandao kuwafuata rafiki zake, na rafiki wakishahamia kwingine hakuna kampeni itakayowarudisha wote kwa pamoja.

Tazama YouTube. Oktoba 2006 Google ilikubali kuinunua kwa hisa zenye thamani ya dola bilioni 1.65. Kampuni haikuwa imetimiza miaka miwili, gharama za kusambaza video zilikuwa zinapaa, na wenye hakimiliki walikuwa wamekasirika. Machi 2007 Viacom, kampuni ya filamu na televisheni, ilifungua kesi ikidai zaidi ya dola bilioni 1. Ukisoma hesabu peke yake utakimbia. Lakini katikati ya 2006 YouTube ilikuwa imeshatangaza kwamba video milioni 100 zinatazamwa kwake kila siku, na Google ilikuwa na mitambo na uwezo wa kusimama mahakamani miaka mingi, vitu ambavyo kampuni changa haikuwa navyo. Ugonjwa na dawa vilikutana.

Bebo, mtandao mwingine wa kijamii, ilikuwa kinyume. Kampuni ya intaneti ya AOL iliinunua Machi 2008 kwa dola milioni 850, wakati Facebook tayari inawachukua watu wake. Mwaka 2010 iliuzwa kwa kiasi kilichoripotiwa kuwa chini ya dola milioni 10, na 2013 waanzilishi wake waliirudisha mikononi mwao kwa dola milioni 1. Pesa za AOL hazikuwa na mahali pa kufanya kazi.

Omba jedwali la waliobaki

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko pengine popote. Jedwali ninalolitaka linaonyesha, kwa kila mwezi wa kujiunga, ni wangapi bado wanatumia programu baada ya mwezi mmoja, mitatu, sita na kumi na miwili. Tuseme kati ya watu 100 waliojiunga Januari, 40 walikuwepo Februari, 24 Aprili, 21 Julai na 20 Januari iliyofuata. Mstari umeshuka kwa kasi, kisha ukalala. Hao 20 wamepafanya pale pao. Mtandao wenye mstari uliolala uko hai hata kama akaunti yake ya benki imekauka.

Sasa chukua mwingine: 60, 35, 14, 4. Mwezi wa kwanza unapendeza kuliko wa yule mwenzake, na wengi hudanganyikia hapo. Mstari huu haujapata mahali pa kutua. Idadi ya jumla inaweza kuendelea kupanda kwa sababu wapya wanamiminika, lakini ni kutia maji kwenye pakacha. Siku wapya watakapopungua utaona sakafu kavu.

Kisha soma jedwali hilohilo kutoka juu kwenda chini. Linganisha waliojiunga mwaka juzi, mwaka jana na mwaka huu katika mwezi wao wa sita. Kila kundi jipya likibaki pungufu kuliko lililotangulia, ujue ladha inaisha, au wapya wananunuliwa kwa matangazo na hawakuja kwa mapenzi yao. Kampuni ikikwambia jedwali hilo haina, liandae mwenyewe kutoka kwenye data ghafi. Ikikataa kukupa data ghafi hata baada ya kusaini hati ya kutunza siri, funga faili.

Uliza pia mtumiaji hai anahesabiwaje. Niliwahi kukagua kampuni moja ambayo idadi ya watumiaji hai ilikuwa inapanda vizuri, robo mwaka baada ya robo mwaka. Nilipofungua kumbukumbu za seva nikakuta sehemu kubwa ya hao hai ni simu zilizopokea arifa. Programu iliamka yenyewe kwa nyuma, ikawasiliana na seva, ikalala tena. Mwenye simu hakugusa kitu, pengine hata hakuiona arifa. Kila arifa zilipoongezwa, grafu ilipanda. Kwa hiyo mimi huhesabu waliofanya kitendo chenyewe: ameandika, amejibu, ametuma picha, ametazama video hadi mwisho. Na pale mazungumzo yanaporuhusu, huomba kundi dogo la watumiaji lizimiwe arifa kwa wiki mbili tuone wangapi watarudi kwa hiari yao. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote.

Soma barua za huduma kwa wateja

Watu wa fedha hawapafiki hapa, na inanisikitisha, maana barua hizi hazina gharama na zinasema kweli. Omba ujumbe wote wa miezi michache iliyopita na uusome, usipewe muhtasari. Mtu anayefoka kwamba picha za harusi ya dada yake hazifunguki bado ana kitu pale, amekasirika kwa sababu anajali. Anayeuliza kwa upole jinsi ya kupakua kila alichoweka anafunga mizigo. Kadiri aina ya pili inavyozidi ya kwanza, ndivyo unavyochelewa. Angalia pia malalamiko ya unyanyasaji na akaunti bandia yanachukua muda gani kujibiwa. Rundo la malalamiko yasiyojibiwa ni deni, ila halimo kwenye mizania, na wewe ndiye utakayeajiri watu wa kulilipa.

Jua vilevile nani hasa anawaleta wengine. Kwenye mitandao mingi wachache hutengeneza na wengi hutazama. Twitter iliinunua Vine mwaka 2012 hata kabla haijazinduliwa, ikazinduliwa Januari 2013, na video zake za sekunde sita zikapendwa sana. Juni mwaka huohuo Instagram ikaleta video za sekunde 15. Watengenezaji wakubwa wa Vine walitaka njia ya kulipwa, hawakuipata, wakahamia kwingine na watazamaji wao. Oktoba 2016 Twitter ikatangaza kuifunga. Kwa hiyo tafuta orodha ya watengenezaji wanaotazamwa zaidi na uone wangapi kati yao walichapisha kitu mwezi uliopita. Ukiweza kuongea na kadhaa, ongea nao.

Wewe una nini cha kuwapa?

Swali hili mnunuzi mkubwa hapendi kuulizwa. Google iliinunua Dodgeball, huduma ya kuwajulisha rafiki mahali ulipo kwa ujumbe wa simu, mwaka 2005. Waanzilishi wake waliondoka 2007 wakilalamika kwamba hawakupewa wahandisi, na huduma ikafungwa 2009. Mwaka huohuo mmoja wao, Dennis Crowley, akazindua Foursquare, iliyofanana nayo sana. Wazo lilikuwa zima, watu walikuwepo, mnunuzi hakutoa mikono.

Kabla ya kutaja dau, andika kwenye karatasi: wahandisi wangapi, kutoka idara ipi, kuanzia tarehe ipi, na mkuu wa idara hiyo asaini kwamba amekubali kuwaachia. Mkuu akisita kusaini, umepata jibu lako. Ahadi ya jumla kwamba kampuni itaisaidia hukauka bajeti ya kwanza ikipunguzwa.

Ukigundua unachokitaka ni sehemu tu ya kampuni, nunua sehemu hiyo. Mwaka 2010 Facebook ilinunua hataza (haki za uvumbuzi) za Friendster, mtandao wa kijamii wa zamani, bila kuchukua mtandao wenyewe. Desemba 2011 iliwaajiri waanzilishi wa Gowalla, huduma ya kuonyesha mahali ulipo, na baadhi ya wahandisi wao, huduma ikaachwa ikafungwa. Digg, tovuti ya kushirikishana habari, ilipoanguka mwaka 2012 iligawanywa: jina na tovuti vikaenda kampuni ya Betaworks, hataza zikaenda LinkedIn, na wafanyakazi wengi wakachukuliwa na kampuni tanzu ya Washington Post. Ila sipendi njia hii itumike kimyakimya, kwa sababu watumiaji wanabaki bila wa kuwajibika kwao. Kama unachukua wahandisi na kuacha mtandao ufe, sema wazi na mapema.

Bei na mkataba

Bei iko baada ya yote hayo. Anza na gharama ya kujenga kitu kama hicho mwenyewe, ongeza thamani ya muda utakaookoa, ondoa madeni yaliyofichika, na uwe tayari kulipa zaidi pale tu jedwali la waliobaki linapokupa sababu. Eric Schmidt, aliyekuwa mkuu wa Google, alieleza kwenye ushahidi wa ile kesi ya Viacom kwamba yeye aliikadiria YouTube kwa dola milioni 600 hadi 700, na nyingine zote zilikuwa nyongeza ili isiende kwa mshindani. Nyongeza ya hivyo inaweza kuwa sahihi, ila iandikwe peke yake, kwa jina lake, bodi ijue inalipia nini. Google pia ilizuia asilimia 12.5 ya hisa za malipo kwa mwaka mmoja ili kujikinga na madai. Mtandao uliojaa kazi za watu wengine uzuiliwe kiasi namna hiyo, na ikiwezekana kwa muda mrefu zaidi.

Halafu jihadhari na malengo ya mapato unayoyaweka baada ya kununua. News Corp, kampuni ya vyombo vya habari, iliupata mtandao wa kijamii wa MySpace mwaka 2005 katika ununuzi wa dola milioni 580. Mwaka uliofuata ikasaini na Google mkataba wa matangazo wa dola milioni 900, uliofungamanishwa na idadi ya watu wanaopita. Kurasa zikasongwa na matangazo wakati Facebook inabaki safi. Juni 2011 MySpace iliuzwa kwa takriban dola milioni 35. Yahoo nayo ilitoa dola bilioni 1.1 kwa Tumblr, mtandao wa blogu, mwaka 2013, na mwaka 2016 ikatangaza kufuta kwenye vitabu vyake vya hesabu thamani ya dola milioni 230, kisha milioni 482 nyingine. Mimi hushauri mwaka wa kwanza usiwe na lengo la mapato kabisa. Pima waliobaki tu. Kama kampuni haiwezi kuvumilia mwaka huo, haina uwezo wa kununua.

Faragha na sheria zipe mwanasheria, lakini uliza maswali mawili wewe mwenyewe. La kwanza: watoto wako humo? Kampuni ya Kichina ya ByteDance ilikubali kuinunua Musical.ly, programu ya video fupi, mwishoni mwa 2017, na Februari 2019 Musical.ly ikakubali kulipa dola milioni 5.7 nchini Marekani kwa kukusanya taarifa za watoto wa chini ya miaka 13 bila ridhaa ya wazazi. Mnunuzi hurithi. La pili: unapanga kuunganisha akaunti zao na zako? Umoja wa Ulaya uliitoza Facebook euro milioni 110 mwaka 2017 kwa maelezo ya kupotosha iliyoyatoa kuhusu jambo hilo ilipokuwa ikiinunua WhatsApp. Ulichowaambia wadhibiti ndicho utakachofungwa nacho.

Mwisho, iwe unanunua au unaacha, pigania kifungu cha kuhifadhi. Mwaka 2019 MySpace ilikiri kwamba nyimbo, picha na video zilizopakiwa kwa zaidi ya miaka 12 zimepotea wakati wa kuhamisha seva. Ilikuwa kazi ya mikono ya watu, nyingine haikuwa na nakala popote. Mkataba wako utaje nani anatunza nakala, huduma ikifungwa watu wapewe miezi mingapi ya kupakua vitu vyao, na gharama hiyo itolewe kwenye bei kabla muuzaji hajapokea chochote. Kwenye ukurasa wa mapendekezo niliozoea kupeleka kwa bodi, kifungu hicho huwa juu ya dau, pamoja na mstari wa waliobaki na jina la mkuu aliyesaini kuwaachia wahandisi.