Umeme wa tope: acheni kufukua kaboni ya chini

Ndugu wakulima wa mpunga wa bonde la Lukuledi, ndoo zenu za umeme wa tope, zile zenye vipande viwili vya kaboni vilivyofungwa waya, kimoja kimezikwa topeni na kingine kinaelea juu ya maji, zinakufa kwa kosa moja: mnafukua kaboni ya chini. Leo mnaichomoa kuona kama imeanza, kesho mnaisogeza, keshokutwa mnakoroga tope eti bakteria wachangamke. Hawachangamki!

Bakteria hawa, Geobacter na jamii zake, hula mabaki yaliyooza ndani ya tope, na elektroni zinazobaki, yaani chembe zinazobeba umeme, lazima wazishushe mahali. Oksijeni ikiwapo, zinaishia hukohuko na waya wako haupati kitu. Ikikosekana, wanazishusha kwenye kaboni, zinapanda kwa waya hadi kaboni ya juu, ambako oksijeni ya hewani inazipokea. Ukifukua, unaingiza hewa na kubandua utando wa bakteria ulioanza kushika. Nani hufukua mche wa mkorosho kila asubuhi kukagua mizizi?

Sasa vipimo, na mpime kwa rula, si kwa vidole. Kaboni ya chini ikae sentimita 10 chini ya uso wa tope. Sentimita 3 ni kuikaribisha hewa. 30 nazo zimezidi, umeme unapita kwa shida. Shindilieni tope kwa kiganja mpaka mapovu yaishe. Juu yake maji ya sentimita 3 hadi 5, kaboni ya juu ielee, iguse maji kwa chini na hewa kwa juu. Maji yakipungua ongezeni kwa kikombe, polepole. Jua la Oktoba likishapasua tope, hewa imeingia. Kiungo cha waya wa shaba na kaboni kizibwe kwa gundi ya epoksi, maana shaba tupu huwadhuru bakteria. Na wale wanaochomeka msumari wa mabati na kipande cha shaba wakashangilia volti: hiyo ni zinki yenu inaliwa, bakteria hawamo.

Halafu subirini siku 14. Kumi na nne, si nne. Pimeni kwenye ncha za waya zilizo nje.

Mita ikisoma volti 0.3 na inazidi kupanda, imeshika.

Ndoo moja haiwashi taa. Taa ndogo nyekundu ya LED inataka karibu volti 1.8. Anayeunganisha mfululizo ili volti zijumlike atumie ndoo mbalimbali, kwani kaboni zilizo katika jaruba moja hazijumlishi volti: tope lenyewe limekwisha kuziunganisha. Hata hapo mkondo ni mdogo, kwa hiyo ukusanyeni kwanza kwenye kapasita, kifaa kidogo cha kutunza umeme.