Gawio la mfuko: lipwe mkononi au libaki ndani ya kipande?

Mama mmoja mstaafu ninayemsaidia kufuatilia vipande vyake, yaani sehemu zake katika mfuko wa uwekezaji wa pamoja ambao watu wengi wanachangia, alinipigia simu asubuhi akiwa na hofu. "Mwanangu, jana kipande kilikuwa 220, leo kimeamkia 200. Hela yangu imeliwa?" Haikuliwa. Gawio, yaani faida ambayo mfuko humlipa mwenye vipande, lilikuwa njiani kuelekea benki. Nimeandika hatua hizi kwa ajili ya kila mwenye hofu kama yake.

Hatua ya 1: Jua pesa inatoka wapi. Mfuko hukusanya riba za hatifungani (mikopo inayotolewa kwa serikali au kampuni) na amana za benki, na gawio la hisa za kampuni ambazo mfuko umezinunua. Vyote huingia chungu kimoja. Tofauti ya mifuko ni kinachofuata baada ya hapo.

Hatua ya 2: Tambua mfuko wako. Kwa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko ya aina hii hapa Tanzania, mfuko wa Umoja, ulioanza 2005, ni wa kukuza mtaji: hulipwi gawio, faida inabaki humo na kupandisha bei ya kipande. Kipande kilianza kwa shilingi 70, na bei hiyo imeshazidi mara kumi. Jikimu, wa 2008, uliundwa kwa wanaotaka gawio. Mfuko wa Hatifungani, wa 2019, unakupa nafasi ya kuchagua: upokee, au gawio liwekezwe tena.

Hatua ya 3: Chukua karatasi, piga hesabu. Namba hizi ni za mfano tu. Una vipande 5,000 vya shilingi 200, yaani 1,000,000. Mwaka mzima mfuko umepata asilimia 10, sawa na shilingi 20 kwa kipande.

Kwenye mfuko wa kukuza, kipande kinakuwa 220. Una 1,100,000, na benki hakijaingia kitu.

Kwenye mfuko wa gawio, bei nayo inapanda hadi 220. Ikifika siku ya kugawa, shilingi 20 zinatolewa na bei inarudi 200. Una vipande vya 1,000,000 na 100,000 benki. Jumla ni ileile! Hicho ndicho alichokiona yule mama.

Mwaka wa pili ukileta asilimia 10 tena, mwenye mfuko wa kukuza anafika 242 kwa kipande, jumla 1,210,000. Mwenye mfuko wa gawio anapokea 100,000 nyingine. Kama hakugusa zile za kwanza, jumla yake ni 1,200,000. Ile 10,000 iliyozidi ni faida iliyozaliwa na faida. Ni ndogo kwa miaka miwili, lakini kwa miaka kumi na tano ni kiwanja.

Hatua ya 4: Usikimbilie kununua siku moja kabla ya gawio. Utanunua kwa 220, urudishiwe 20 yako mwenyewe, ubaki na kipande cha 200. Hujapata kitu.

Hatua ya 5: Chagua kwa mahitaji yako. Kama gawio ndilo linalonunua dawa na unga, lipokee bila kujilaumu. Hiyo ndiyo kazi yake. Kama una mshahara na gawio likiingia linayeyukia kwenye vocha na nauli, liache ndani. Ukibanwa, uza vipande vichache: ukihitaji 50,000 kwa bei ya 242, ni vipande kama 207. Ila kumbuka, ukiuza idadi ya vipande inapungua, ukipokea gawio haipungui. Soma kwanza gharama za kujitoa kwenye waraka wa toleo, yaani hati yenye masharti ya mfuko.

Hatua ya 6: Kagua fomu. Jina la akaunti ya benki lifanane, herufi kwa herufi, na jina ulilosajili kwenye mfuko. Nimeshaona gawio likigoma kuingia kwa sababu benki mwenye vipande anajulikana kwa jina la mume na kwenye vipande kwa jina la baba. Rekebisha hilo leo, kabla ya siku ya malipo.