Namna ya kuendesha mdahalo kuhusu usawa wa rangi vyuoni

Nafundisha Historia kidato cha tano na sita hapa Mafinga, na kwenye klabu yetu ya mdahalo hakuna mada ninayoithamini kama hii. Ukiiandaa vizuri, wanafunzi wanatoka bwaloni wakibishana mpaka bwenini. Ukiiandaa ovyo, utasikiliza saa nzima ya hotuba kwamba ubaguzi ni dhambi, na hilo hakuna anayelikataa.

Kwa hiyo shika kwanza mada yenyewe. "Ubaguzi wa rangi ni mbaya" haina mpinzani. Andika ubaoni: "Serikali itenge nafasi za vyuo vikuu kwa makundi yaliyobaguliwa." Hapo pande zote mbili zina la kusema.

Wiki moja kabla, waonyeshe kwamba mambo haya yamepita hapahapa kwetu. Wakati wa mkoloni shule za Tanganyika zilitengwa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia, za Waafrika. Pale Iringa mjini, chuo kishiriki cha Mkwawa kimerithi majengo ya shule ya bweni ya watoto wa Kizungu iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, St Michael's and St George's. Uhuru ulipopatikana, serikali ikaufuta mgawanyo huo kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 1962. Leo mtoto wa mkulima wa viazi kutoka Makete anasomea ualimu pale. Kama nauli inapatikana, wapelekeni wakayaone majengo hayo kwa macho yao.

Kisha watenganishe mambo mawili. Kufuta kizuizi ni jambo moja, kutenga nafasi ni jambo jingine, na hili la pili ndilo linaloumiza vichwa. Mfano wa nyumbani upo: miaka ya 1970 nafasi za sekondari ziligawanywa kimkoa ili walioachwa nyuma nao wapate. Sehemu zilizotangulia kwa shule za misheni, Rungwe ikiwemo, ziliuona mgao huo kwa jicho tofauti. Nilipoeleza hivyo darasani, msichana mmoja kutoka Tukuyu alisimama: "Kwa hiyo mwalimu, mtu alimzidi mwenzake alama na bado akaachwa?" Usikimbilie kumjibu. Mwachie mwenzake ambaye kwao shule ilichelewa kufika, amjibu yeye. Baada ya dakika hizo kumi darasa zima litakuwa limeelewa uzito wa mada.

Sasa chukua chaki, waingie Brazili. Usiwasomee sheria, wafanyie hesabu. Sheria ya Agosti 2012 inavitaka vyuo vikuu vya serikali kuu vitenge angalau nusu ya nafasi kwa waliosoma sekondari za umma. Chora nafasi 100. Kata 50. Katika hizo 50, nusu ni za familia za kipato cha chini, yaani 25. Halafu rangi inaingia ndani ya hizo 50, kulingana na idadi ya watu wa jimbo husika: kama weusi, machotara na wenyeji wa asili ni asilimia 60 ya wakazi, basi angalau 30 kati ya 50 ni zao. Wanafunzi wengi hushangaa kuona kwamba sheria inaanza na aina ya shule na kipato kabla ya kufika kwenye rangi. Wahimize washangae kwa sauti, maana hoja nzuri za pande zote huzaliwa hapo.

Wapinzani nao wape silaha ya kweli. Mwaka 2007 mapacha wanaofanana waliomba nafasi za weusi katika Chuo Kikuu cha Brasília. Kamati iliyoamua kwa kutazama picha ilimkubali mmoja na kumkataa mwenzake, ingawa baadaye chuo kilibadili uamuzi. Nani basi aamue rangi ya mtu? Waongezee na Marekani, ambako Mahakama ya Juu, Juni 2023, ilikataza rangi kuwa kigezo katika udahili, kwenye kesi za Harvard na North Carolina. Watetezi watajibu kwa Afrika Kusini: sheria ya 1959 iliwafungia weusi milango ya vyuo vya Wazungu na kuwajengea vya kwao kwa kabila na rangi. Dhuluma ya kupangwa namna hiyo haijifuti yenyewe.

Siku ya mdahalo, tumieni Kiswahili, hata kama shule yenu imezoea Kiingereza. Wazungumzaji wakuu wawili kila upande wanatosha, dakika tano kila mmoja, kisha wachangiaji. Kuna jambo moja silifumbii macho: kama darasani yupo mwanafunzi wa asili ya Kihindi, au mwenye ualbino, asigeuzwe mfano wala msemaji wa watu wote wanaofanana naye. Atachangia akitaka mwenyewe. Mwambie mwenyekiti hivyo mapema, tena faragha.

Kwenye alama mimi hutoa 10 kwa ushahidi, 5 kwa kujibu hoja ya upande wa pili na 5 kwa lugha. Anayesema "Brazili walifanya" bila kueleza walifanyaje hapati zaidi ya 3 za ushahidi. Jumamosi inayofuata badilisha pande: waliotetea wapinge, waliopinga watetee, mada ileile.