Somo: Kuchora malengo kabla ya kuandika mahitaji ya mfumo (mfano: M-Pesa)

Wakuu, salaam. Wengi wetu tukikabidhiwa mradi tunaanza na orodha: mtumiaji ajisajili, alipe, apate ujumbe. Orodha hiyo haisemi kwa nini. Mteja akigeuza mawazo katikati ya mradi, hakuna anayejua kipi kifutwe na kipi kibaki. Kuchora malengo kunaziba pengo hilo: kila hitaji linaning'inia kwenye lengo, na kila lengo lina mwenyewe.

Mbinu yenyewe si ngeni. Mwaka 1992 John Mylopoulos, Lawrence Chung na Brian Nixon wa Toronto walieleza namna ya kushughulikia malengo ya ubora kama usalama na kasi. Mwaka 1995 Eric Yu, wa chuo hichohicho, akaleta i*, lugha ya michoro inayoanza na wahusika na jinsi wanavyotegemeana. Axel van Lamsweerde wa Ubelgiji na wenzake wana KAOS, mbinu nyingine ya kuchambua malengo, na mwaka 2008 ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, ikapitisha kiwango cha Z.151 chenye GRL, lugha ya kuchora malengo. Alama zinatofautiana, fikra zinakaribiana. Hapa nitazichanganya bila aibu.

Mfano wetu ni M-Pesa, ila si hii ya leo. Turudi kwenye majaribio ya Kenya ya mwaka 2005, pale Vodafone, Safaricom na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, kwa ruzuku ya serikali ya Uingereza, walipotaka mkopaji apokee na kurejesha mkopo kwa simu. Mchoro ni wangu, sisemi wao walichora hivi.

Hatua ya 1: Taja wahusika, usitaje skrini

Mkopaji, Faulu, wakala, Safaricom. Halafu kuna mhusika anayesahaulika: kikundi. Wakopaji walidhaminiana na kukutana mara kwa mara. Kikundi hakina simu wala nywila, kwa hiyo ukianza na skrini hutakiona kabisa. Lakini kina malengo: kujua nani amelipa, na kumbana ambaye hajalipa. Malipo ya simu yanamfaa mkopaji asiyetaka kupoteza nusu siku kikaoni, na papo hapo yanakinyima kikundi sababu ya kukutana. Mgongano huo unaupata kwenye karatasi, kabla hujaandika mstari hata mmoja wa msimbo.

Hatua ya 2: Panda kwa "kwa nini", shuka kwa "vipi"

"Mkopaji arejeshe mkopo kwa simu." Kwa nini? Pesa ifike Faulu bila mtu kubeba noti. Kwa nini? Thamani ihame kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine aliye mbali, salama. Ukifika hapo unaona kwamba mkopo ni tawi moja tu la mti mkubwa.

Ndivyo majaribio yalivyoonyesha. Watu walilipiana mikopo. Wengine waliweka fedha mwanzo wa safari wakazitoa mwisho wa safari. Wafanyabiashara waliacha mauzo humo usiku, benki zikiwa zimeshafungwa. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilinadiwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani, na mikopo ikawekwa kando.

Utapanda hadi wapi? Simama pale ambapo mfumo wako hauna tena la kufanya. "Maisha bora kwa wote" ni juu mno.

Hatua ya 3: Gawa kwa NA, gawa kwa AU

"Pesa imfikie mpokeaji" inagawanyika kwa NA: fedha iingie kwenye akaunti ya mtumaji, mpokeaji atambulike, mtumaji atoe agizo na kulithibitisha, mpokeaji aweze kupata noti mkononi. Kimoja kikikosekana, lengo limeanguka.

Chini ya "mtumaji atoe agizo" kuna AU, yaani njia moja ikipatikana inatosha: menyu iliyo ndani ya laini, USSD (zile namba za kupiga zenye nyota na reli), SMS ya kawaida, au programu ya simu. Mimi naona thamani kubwa ya mchoro iko kwenye AU zilizokataliwa. Usizifute. Miaka miwili baadaye mtu atauliza "mbona hamkutumia SMS tu?" na jibu litakuwa pale.

Hatua ya 4: Weka malengo ya ubora, pima kila njia

Malengo ya ubora hayana ndiyo wala hapana, yana kiasi. Tuchukue matatu: PIN isionekane njiani, huduma ifanye kazi kwenye simu yoyote, mteja aanze leo hii. Alama: ++ inatosheleza, + inasaidia, - inadhuru, -- inaua.

- Menyu ya laini: PIN ++ (inasimbwa, yaani inafichwa asiyehusika asiisome, ndani ya laini), simu yoyote +, kuanza leo - (mwenye laini ya zamani abadilishe).
- USSD: PIN - (ujumbe hausimbwi mwanzo hadi mwisho), simu yoyote ++, kuanza leo ++.
- SMS ya kawaida: PIN -- (inabaki kwenye ujumbe uliotumwa, yeyote akishika simu anaisoma).
- Programu ya simu, kwa mwaka 2005: simu yoyote --.

Kenya walianza na menyu ya laini. Sisi wa Vodacom Tanzania tumezoea *150*00#, yaani USSD. Lengo la juu ni lilelile, uzito wa malengo ya ubora ndio uliotofautiana.

Hatua ya 5: Fuata utegemezi

Mpokeaji anamtegemea wakala awe na noti. Mtumaji anamtegemea wakala awe na floti, yaani salio la kielektroniki. Kila mshale wa namna hii uulize: huyu akishindwa? Mfumo unaweza kuwa hauna kosa hata moja na bado lengo likafia kwenye dirisha la kibanda, wakala akisema "leo sina floti". Swali hilo ndilo linalozaa hitaji ambalo mteja hakulitaja: wakala aweze kuongezewa floti haraka na wakala mkuu.

Hatua ya 6: Pindua lengo, tafuta kikwazo

Hii ni ya KAOS. "Pesa imfikie aliyekusudiwa" igeuze: "imefika kwa mwingine". Chanzo: tarakimu moja imekosewa. Kinga: onyesha jina kabla ya kuthibitisha. Tiba: utaratibu wa kurudisha muamala. Sasa pima kinga hiyo kama ulivyopima hatua ya 4, na utaona inadhuru faragha, maana yeyote akiandika namba yako anapata jina lako.

Hatua ya 7: Kila jani (lengo la chini kabisa) lililochaguliwa liandike kama hitaji, pamoja na namba ya lengo lake. Basi. Kwa kuchorea, karatasi inatosha. Ukitaka zana, piStar inafunguka kwenye kivinjari, na wa GRL wana jUCMNav.

Maswali ya wanachama

Swali: Asante mkuu. Hii inatofautianaje na hadithi za mtumiaji (user stories), zile sentensi fupi za mahitaji? Zile nazo zina "ili nipate…"

Jibu: Ile "ili" inaishia ngazi moja, na ni ya mtumiaji mmoja. Haiwezi kukuonyesha kwamba "ili" ya mkopaji inagongana na "ili" ya kikundi.

Swali: Hizo ++ na -- si kubahatisha tu?

Jibu: Ni maamuzi ya watu, kweli. Ndiyo maana kila alama iandikiwe sababu, kama nilivyofanya kwenye mabano. Wape watu wawili wapime kila mmoja peke yake, kisha mjadili pale tu walipopishana. Na msijumlishe: -- moja kwenye usalama wa PIN haifutwi na + tatu za urahisi.

Swali: Bosi ameshasema anataka programu ya simu. Nichore nini tena?

Jibu: Programu ya simu ni njia, siyo lengo, kwa hiyo iweke chini ya mchoro. Usimbandike "kwa nini" tano mfululizo kikaoni, utamkera. Muulize, "Bosi, tukifanikiwa tutaona nini kimebadilika?" Jibu lake liweke juu, halafu chora AU nyingine pembeni. Akishikilia palepale, andika sababu yake kwenye mshale na muendelee na kazi.

Swali: Ule mgongano wa kikundi ulitatuliwaje mwishowe?

Jibu: Haukutatuliwa, mheshimiwa. Huduma ya 2007 ilizinduliwa bila mikopo, hivyo kikundi kikatoka kwenye mchoro. Kama unajenga mfumo wa VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa) leo, huna njia hiyo ya kutokea. Ningejaribu kutenganisha malengo mawili: fedha zipite kwa simu, lakini orodha ya waliolipa isomwe kikaoni mbele ya wote, na mweka hazina aipate moja kwa moja. Angalia na upande wa vitabu pia, maana kwenye majaribio yale kulinganisha hesabu za M-Pesa na za Faulu kulifanywa kwa mkono, na mhasibu naye ni mhusika.