Kujitengenezea vichupo kwenye PySide6 bila kurasa kuchanganyika

Tuseme unaandika programu ya duka la vifaa vya ujenzi kwa PySide6 (maktaba ya Python ya kutengeneza madirisha na vitufe), muuzaji anafungua bili za wateja wanne kwa mpigo, kila moja na kichupo chake (tab). QTabWidget, kifaa cha vichupo kilicho tayari, ni nzuri ila vichupo na kurasa zake vimeshikana, huwezi kuchomeka kisanduku cha kutafuta bidhaa katikati. Dawa iko humohumo, maana QTabWidget yenyewe kwa ndani ni QTabBar (mstari wa vichupo) na QStackedWidget (rundo la kurasa, unaoonekana ni mmoja tu) basi, chukua hivyo viwili, viite self.mstari na self.rundo, uvipange mwenyewe kwenye QVBoxLayout (mpangilio wa juu kwenda chini), kisanduku kikae kati, mchezo umeisha.

Haujaisha kabisa lakini. Wengi wanaunganisha currentChanged (ishara ya mstari kwamba kichupo kimebadilika) moja kwa moja na setCurrentIndex ya rundo la kurasa (inayochagua ukurasa kwa nafasi yake) na inafanya kazi vizuri tu mpaka siku uwashe setMovable(True) ili vichupo viweze kuvutwa, muuzaji anavuta kichupo cha kwanza anakipeleka mwisho, mstari wa juu unabadilika ila rundo halina habari, akibonyeza kichupo cha mteja mmoja inatokea bili ya mtu mwingine. Hizo ni hela za watu jamani! Usitegemee nafasi hata kidogo, kila ukurasa upe namba yake ya kudumu na uibandike kwenye kichupo chenyewe, kitahama nayo popote:

```
def ongeza(self, ukurasa, jina):
    self.namba += 1
    self.kurasa[self.namba] = ukurasa
    self.rundo.addWidget(ukurasa)
    i = self.mstari.addTab(jina)
    self.mstari.setTabData(i, self.namba)

def onyesha(self, i):
    p = self.kurasa.get(self.mstari.tabData(i))
    if p is not None:
        self.rundo.setCurrentWidget(p)

def funga(self, i):
    p = self.kurasa.pop(self.mstari.tabData(i))
    self.mstari.removeTab(i)
    self.rundo.removeWidget(p)
    p.deleteLater()
```

Kwenye `__init__` anzisha self.kurasa = {} na self.namba = 0, halafu currentChanged iende onyesha, tabCloseRequested (ishara ya kubonyezwa alama ya kufunga) iende funga, na setTabsClosable(True) ili alama ya kufunga itokee.

Hiyo .get usiibadilishe kuwa mabano ya kawaida. Kichupo cha kwanza kikiingia tu, currentChanged inapiga hapohapo kabla setTabData haijafikiwa, kwa hiyo tabData inarudisha None na ungekula KeyError (kosa la kutafuta kisichokuwepo kwenye kamusi) programu ikiwa ndo kwanza inafunguka. Ukifunga kichupo cha mwisho kilichobaki nako inapiga na -1 (yaani hakuna kichupo), hadithi ileile.

deleteLater nayo watu wanaisahau sana. removeWidget inaficha ukurasa tu, haiufuti, na duka linaloshinda limefungua programu kutwa nzima bili zilizofungwa zinaendelea kukaa kwenye memori. Kama bili haijahifadhiwa, muulize muuzaji kwa QMessageBox (kidirisha cha ujumbe) kabla ya ile pop.

Majina ya wateja yakiwa marefu weka setElideMode(Qt.ElideRight) ili yakatwe kwa nukta upande wa kulia, pamoja na setExpanding(False), la sivyo vichupo viwili vinajitanua mstari mzima.