Namna ya kusoma kitabu cha historia kilichoandikwa na mwanahabari

Kitabu cha namna hii huanzwa nyuma. Kabla hujagusa sura ya kwanza, nenda kwenye tanbihi, orodha ya marejeo na faharasa, uzipe dakika 20. Mwanahabari aliyegeuka mwanahistoria ana ujuzi ambao wanazuoni wengi hawana: anajua kumtafuta shuhuda, kumhoji, na kulipanga tukio hadi ulione kwa macho. Ila ana pia mazoea ya chumba cha habari, hasa kupenda mhusika mmoja, siku moja na maneno makali. Ukiyajua mazoea hayo, utakifaidi kitabu bila kudanganyika.

Usishangae ukikuta kurasa hazina vinamba vya tanbihi. Wachapishaji wa vitabu vya wasomaji wa kawaida mara nyingi huviondoa ili ukurasa uwe safi. Tanbihi zenyewe huwa mwishoni, zimepangwa kwa namba ya ukurasa, kisha maneno matatu au manne ya sentensi inayohusika. Wengi hawalijui hili, wakamaliza kitabu wakidhani hakina ushahidi. Basi tumia vipande viwili vya karatasi: kimoja mahali unaposoma, kingine kwenye tanbihi za sura hiyohiyo, ili kurudi nyuma kusikuchoshe.

Sasa chagua sura moja ya katikati, si ya kwanza, maana ya kwanza hupigwa msasa kuliko zote. Kando ya kila tanbihi weka herufi kwa penseli: N kwa nyaraka za wakati wa tukio, K kwa kumbukumbu zilizoandikwa baadaye na mhusika, M kwa mahojiano, V kwa vitabu vya wanahistoria wengine. Ikiwa karibu zote ni V, sura hiyo ni masimulizi ya kazi za wengine. Si dhambi, lakini usiitumie kama ushahidi. Fuata vitabu vilivyotajwa.

Penye M, hesabu miaka kati ya tukio na mahojiano. Cornelius Ryan, aliyekuwa mwandishi wa habari za vita, alitoa The Longest Day mwaka 1959, miaka 15 baada ya majeshi kutua Normandy, pwani ya Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944, katika Vita vya Pili vya Dunia. Alikusanya maelezo ya mamia ya walioshiriki, wa pande zote mbili. Baada ya miaka 15, askari hukumbuka vizuri baridi ya maji, hofu, na uso wa mwenzake aliyeanguka. Kinachopotea ni saa, namba za vikosi, na lipi lilitangulia lipi. Mwamini shuhuda kwa alichokiona na kukihisi. Kwa saa na mpangilio, taka waraka.

Mazungumzo yaliyowekwa ndani ya alama za kunukuu, na mawazo ya mtu aliye peke yake, yanahitaji swali moja: nani alikuwepo akaandika? Barbara Tuchman, ambaye aliwahi kuripoti kutoka Uhispania wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, alieleza katika The Guns of August (1962), kitabu kuhusu mwanzo wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kwamba hata hali ya hewa na hisia za watu alizozitaja zina ushahidi wa maandishi. Hicho ndicho kipimo kizuri. Mwandishi asiyetoa kauli ya namna hiyo mkague zaidi.

Tarakimu ndizo huwaponza wasomaji kuliko kitu kingine, na mara nyingi kosa ni la msomaji. Katika King Leopold's Ghost cha 1998, Adam Hochschild anaeleza upungufu wa watu wapatao milioni 10 Kongo, enzi za utawala wa Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Hakuna aliyehesabu maiti. Mwaka 1919 tume ya serikali ya Ubelgiji ilikadiria kwamba watu walikuwa wamepungua kwa nusu. Sensa ya 1924 ikapata watu kama milioni 10. Basi kama hao ndio nusu iliyobaki, nusu iliyotoweka inalingana nao. Humo mna waliouawa, waliokufa kwa njaa na maradhi, na watoto ambao hawakuzaliwa. Kuandika kwamba Leopold aliua watu milioni 10 kwa risasi ni kumsingizia mwandishi. Unyama ule haupungui kwa kuelezwa sawasawa. Kila ukikuta tarakimu kubwa, andika kwenye kidaftari: ni ya nini, imetoka wapi, imepatikanaje.

Kisha tazama kilichoachwa. Tuchman mwenyewe anakiri kwamba aliiacha kando medani ya Austria na Serbia, ingawa vita vilianzia huko. William Shirer aliripoti kutoka Berlin kwa miaka kadhaa kati ya 1934 na 1940, na kitabu chake kuhusu Ujerumani ya Hitler, The Rise and Fall of the Third Reich (1960), kina nguvu sana kinapotumia nyaraka za Kijerumani zilizotekwa. Anapoeleza asili ya Unazi kwa kurudi hadi enzi za Martin Luther, mwanamageuzi wa kanisa wa Ujerumani wa karne ya 16, wanahistoria wengi walimpinga. Kwa hiyo kitabu kimoja kinaweza kuwa cha kutegemewa katika matukio na dhaifu katika sababu.

Usikague kila tanbihi. Utachoka, utakiweka kitabu. Tatu kwa sura zinatosha, na ziwe za mambo yaliyokufurahisha mno, maana ndiyo unayoelekea kuyarudia mbele za watu. Ukishamaliza, soma mapitio mawili ya wanazuoni, kisha sura moja ya kitabu cha kitaaluma kilichotoka baadaye kuhusu jambo lilelile.

Tarehe iliyokosewa haivunji kitabu, isipokuwa hoja imesimama juu ya mfuatano. Urusi iliamuru jeshi lake lote lijiandae tarehe 30 Julai 1914. Ujerumani ikaitangazia vita tarehe 1 Agosti. Mwandishi akizikosea siku hizo mbili, lawama ya kuanzisha Vita vya Kwanza vya Dunia inahama kutoka taifa moja kwenda jingine.