Jinsi ya kuomba nafasi ya gari-nyumba katika kambi ya Furnace Creek, Death Valley

Kati ya kambi zinazosimamiwa na hifadhi ya taifa ya Death Valley yenyewe, kwenye mpaka wa California na Nevada, ni Furnace Creek peke yake yenye nafasi zilizounganishwa umeme, maji na bomba la majitaka. Kambi nzima ina nafasi 136, lakini zenye huduma hizo ni 18 tu, na ndizo zinazogombewa. Kuanzia 15 Oktoba hadi 15 Aprili nafasi hutolewa kwa kuombwa mapema kupitia tovuti ya Recreation.gov, kwa hiyo usipange kufika kwanza ndipo uulize.

Kiangazi kisikushawishi kwa kuwa foleni ni fupi. Wastani wa joto la mchana mwezi Julai ni nyuzi 47 za Selsiasi, na hapo hapo Furnace Creek ndipo zilipopimwa nyuzi 56.7 tarehe 10 Julai 1913. Kampuni nyingi za kukodisha magari-nyumba hukataza kuyaingiza Death Valley miezi ya joto, na tarehe zimeandikwa ndani ya mkataba. Ukivunja sharti hilo, gari likizimika porini gharama ya kulivuta ni yako. Lenga Novemba hadi Machi.

Kabla ya kufungua tovuti, pima gari

Maombi mengi huharibikia hapa. Fomu inauliza urefu wa gari kwa futi, na mtu huandika namba aliyoiona kwenye tangazo la kukodisha. Namba hiyo haihesabu kibebea baiskeli cha nyuma, wala gari dogo unalolivuta. Pima kutoka ncha ya bampa ya mbele hadi ncha ya mwisho kabisa nyuma. Ukipima kwa mita, zidisha kwa 3.28. Gari la futi 28 lenye kibebea cha futi 3 ni la futi 31, na halitaingia kwenye nafasi ya futi 30. Ukipunguza namba ili tovuti ikukubalie, mkia utatokeza barabarani na utaambiwa uondoke, huku nafasi nyingine zote zimejaa.

Andika pia ukubwa wa plagi ya umeme ya gari lako. Yenye pini tatu ni ya ampea 30, yenye pini nne ni ya ampea 50. Ampea 30 kwa volti 120 hukupa wati 3,600. Kiyoyozi cha juu ya paa hula kama wati 1,500, na birika la umeme vivyo hivyo. Ukiongeza maikrowevu juu ya hivyo viwili, swichi ya usalama inakatika.

Hesabu siku ya kufungua

Nafasi hufunguliwa miezi sita kabla ya siku ya kufika. Anayetaka kuingia 20 Februari anaomba 20 Agosti, saa 4 kamili asubuhi kwa saa za Mashariki ya Marekani, yaani saa 1 asubuhi California. Kwenye tovuti utaona 10:00, usije ukasubiri saa kumi.

Kinachowashangaza wengi ni kukuta usiku wanaoutaka umekwisha chukuliwa katika dakika ileile dirisha linapofunguliwa. Kinachohesabiwa ni siku ya kufika: aliyeomba kuingia 17 Februari kwa usiku tano alifungua siku tatu kabla yako, na usiku wako wa tarehe 20 na 21 ameshaondoka nao. Kwa sababu hiyo siku za katikati ya juma hupatikana kirahisi kuliko Ijumaa na Jumamosi. Ukiweza kuingia Jumapili, ingia Jumapili.

Siku ya kuomba

Akaunti ifunguliwe siku kadhaa kabla. Ni bure, inataka jina, barua pepe na simu. Tumia jina la atakayekuwepo kambini, maana mwenye jina ndiye atakayetakiwa kuonyesha kitambulisho. Hifadhi kadi ya benki humo ndani, na hakikisha benki yako inaruhusu malipo ya mtandaoni ya Marekani. Kadi ikikataliwa wakati kikapu cha tovuti, kinachokushikilia nafasi kwa muda mfupi, kinahesabu dakika, nafasi inarudi sokoni.

Tafuta Furnace Creek Campground, weka tarehe, chuja kwa aina ya gari na urefu, kisha fungua ukurasa wa kila nafasi unayoitamani. Soma mambo matatu: urefu wa juu unaoruhusiwa, ampea za umeme, na namna ya kuingia. Zipo nafasi za kupita moja kwa moja na zipo za kuingia kwa rivasi. Asiyezoea kurudisha tela nyuma aichague ile ya kupita, hata kama haina kivuli. Andika namba za nafasi nne au tano zinazokufaa, kwa mpangilio wa unavyozipenda.

Dakika tano kabla ya muda uwe umeshaingia kwenye akaunti. Saa ikigonga, gusa nafasi ya kwanza kwenye orodha yako. Ikikataa, nenda ya pili papo hapo, usibishane na ukurasa. Ikishaingia kikapuni, jaza idadi ya watu na urefu wa gari, lipa, na usubiri namba ya uthibitisho kwenye barua pepe. Bila namba hiyo huna nafasi.

Ichapishe au ihifadhi kama picha kwenye simu, kwa sababu sehemu kubwa ya hifadhi haina mtandao. Malipo ya kambi hayajumuishi kiingilio cha hifadhi, ambacho ni dola 30 kwa gari kwa siku 7.

Ukikosa

Washa arifa za nafasi kwenye ukurasa wa kambi. Watu hubadili safari, na nafasi nyingi hurudi siku chache kabla ya tarehe. Kambi ya Sunset iliyo jirani hupokea magari makubwa lakini haina umeme wala maji kwenye nafasi. Angalia ukurasa wa hifadhi uone utaratibu wake kwa msimu huo. Texas Springs hairuhusu jenereta kabisa. Wildrose iko juu milimani na njia yake ina kikomo cha urefu wa gari cha futi 25.

Kikomo hichohicho kipo kwenye barabara ya mandhari ya Artists Drive, kwa hiyo gari refu libaki kambini siku hiyo. Ukiingilia upande wa magharibi, kupitia njia ya mlimani ya Towne Pass iliyo mita 1,500 na ushei juu ya usawa wa bahari, teremka kwa gia ndogo. Anayekanyaga breki mfululizo huzichoma kabla ya kufika bondeni. Wakati wa kupanda zima kiyoyozi, la sivyo injini itachemsha.

Siku mbili kabla ya kuondoka fungua tena ukurasa wa hali ya barabara. Mafuriko ya Agosti 2023 yaliifunga hifadhi nzima hadi 15 Oktoba.

Kughairi hukatwa dola 10. Ukighairi siku moja kabla au siku yenyewe ya kufika, unapoteza pia malipo ya usiku wa kwanza. Usipotokea bila taarifa, ni dola 20 pamoja na usiku huo. Gari likiharibika njiani usikate tamaa usiku uleule: nafasi hushikiliwa hadi saa ya kutoka ya siku inayofuata, ndipo wanapoitoa kwa mwingine.